Mbata ya Honiara, Kahawa ya Qurum

Nyinyi watoto wa ndugu zangu, mnaokaa kwenye foleni kutoka Al Amerat kila asubuhi kwenda kutafuta kazi ya kukaa kwenye kiti, mnanicheka mkisikia kazi niliyoifanya mimi. Mnasema Ami Nassor alikuwa ananusa nazi. Ni kweli. Sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimelipwa kunusa nazi kavu, kuivunja vunja, kutia mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, kisha kusema "hii sawa" au "hii irudi ilikotoka". Nazi iliyokaushwa kwa biashara, ile inayokamuliwa mafuta, ndiyo inayoitwa mbata. Na mji niliofanyia kazi hiyo unaitwa Honiara.

Kila nikiutaja mji huo, mtu huniuliza kama uko upande wa Sohar au wa Sur. Hauko upande wowote. Chukueni ramani ya dunia, wekeni kidole Maskati, kivusheni Bara Hindi, kipitisheni Indonesia, na kabla hakijachoka kwenye ile bahari kubwa ya Pasifiki mtaona vidoti vidoti, kama mtu kapiga chafya na chai mdomoni. Hivyo ndivyo Visiwa vya Solomon, na Honiara ndio mji wao mkuu. Nilifikaje huko? Skuli niliiacha mapema. Sikufukuzwa. Nilitoka siku moja kwenda kuangalia meli inapakua nini bandarini Matrah, na mpaka leo sijarudi darasani. Meli moja ikanipeleka kwenye nyingine, nami sina tabia ya kuuliza meli inakwenda wapi kabla haijang'oa nanga.

Nakusudia kuwasimulia namna Mama Dorisi, tajiri wangu wa zamani, alivyokuja hapa Maskati mwaka huu kuliokoa ghala lake, na namna ghala hilo lilivyoning'inia kwenye kikombe cha kahawa. Lakini hamtaona uzito wa jambo mpaka muujue mji kidogo.

Honiara ni mji usiokuwa na babu. Miji mingine ina ngome, ina msikiti wa kale, ina mzee anayekwambia ukoo wake ulikuwepo kabla ya mawe. Honiara ilianza na Vita Vikuu vya Pili. Wamarekani walikuja kupigana na Wajapani, wakajenga uwanja wa ndege, barabara na mabanda ya mabati yaliyopinda, kama pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa chini. Vita vilipokwisha wakaenda zao. Waingereza, ambao zamani walitawala kutoka kisiwa kidogo cha Tulagi ng'ambo ya maji, wakarudi wakaukuta mji wao umevunjika. Wakatazama upande wa pili: mabati yamesimama, barabara ziko tayari. Wakahamia. Ni kama mtu ambaye nyumba yake imeanguka, akaingia ya jirani aliyesafiri, akabadilisha kitasa.

Ghala letu lilikuwa moja katika mabanda hayo, karibu na bandari. Lilikuwa na matundu ambayo kila mtu alisema ni ya risasi, isipokuwa fundi wa mabati, aliyesema ni kutu. Mwenye ghala, Mama Dorisi, ni mtu wa kisiwa cha Malaita, mama wa maungo na sauti kama honi ya meli. Siku niliyokwenda kuomba kazi aliniuliza kama naijua mbata.

"Mimi?" nikasema. "Wazee wangu watu wa Unguja. Nazi nimezaliwa nayo."

"Na mimi nimezaliwa karibu na hospitali," akasema, "wala si daktari."

Akanichukua hivyo hivyo, na jina akanibandika palepale: Maskati. Hakuna aliyeniita Nassor tena.

Wiki yangu ya kwanza alinipa magunia yaliyokuja mabichi kidogo, akaniambia niyaangalie hadi arudi kutoka benki. Asubuhi ilikuwa na jua zuri, jua la kwetu kabisa. Nami, mtu wa Maskati, nikiona jua asubuhi naamini litabaki mpaka mwezi ujao. Nikamwaga mbata yote uwanjani ikauke. Adhuhuri wingu likaja, mvua ikashuka. Sasa nyinyi wenyewe mnajua sisi tunavyofanya ikinyesha mvua. Tunaacha kazi, tunatoka nje, tunapanda gari tukaangalie wadi, lile bonde kavu la mto, inavyotiririka, tunapigana picha. Basi nikatoka. Nikasimama katikati ya uwanja mikono juu, uso mbinguni, namshukuru Mola, na mbata inaelea miguuni mwangu ikielekea kwenye mtaro.

Mama Dorisi akarudi akanikuta hivyo.

"Maskati," akasema kwa upole ulionitisha, "unafurahia nini?"

"Mvua, mama!"

"Ilinyesha jana."

"Ndiyo, lakini na leo pia!"

Alinitazama kama anayetafuta mahali nilipopasuka. Kisha akavua viatu, akaingia mtaroni, akaanza kuokota mbata. Nikamfuata. Hakunifukuza, na baadaye nilipomuuliza kwa nini, alisema katika maisha yake hajapata kumuona mtu mzima akishangilia hasara kwa moyo safi kama ule.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mbata iliyokauka ukiivunja inasema tak! Ikijikunja bila kusema kitu, bado mbichi, itaota ukungu. Harufu ya moshi kidogo si neno, maana visiwani wengi wanakausha juu ya tanuri za kuni. Harufu ya uchachu ndiyo mbaya. Tia mkono katikati ya gunia: ukikuta joto, litoe nje mbio, kwa sababu mbata mbichi iliyorundikwa hujipika yenyewe na inaweza kuchoma ghala. Kuna wadudu wadogo wekundu wa miguu wanaoishi humo, wanang'ata, na hawajali cheo. Na gunia ulimwage mpaka chini, maana chini ndiko ziliko tabia za watu.

Siku moja nilimwaga gunia la mzee mmoja aliyekuja na mashua kutoka kisiwani, na mwisho kabisa ikadondoka kofia ya chuma ya askari wa Kimarekani, imejaa mchanga.

"Hii nini, mzee?" nikamuuliza.

Akaitazama kwa mshangao mkubwa. "Aa, kumbe ilikuwa humu! Tumeitafuta sana."

"Na mchanga?"

"Isipondeke njiani."

Mama Dorisi alicheka mpaka akakaa juu ya mizani. Mzee akalipwa mbata yake, kofia akarudi nayo, na msimu uliofuata nikaikuta tena kwenye gunia la shemeji yake.

Baadaye vikaja vipima unyevu. Unachoma msumari wake kwenye mbata, kioo kinakuonyesha namba. Mama Dorisi akanunua kimoja, akakining'iniza ukutani kwa heshima. Tulikitumia hadi masika, kikafa. Fundi alikifungua akasema kimekufa kwa unyevu.

Mniruhusu sasa niseme kidogo habari za uchumi, ijapokuwa sikufika darasa hilo. Sisi mafuta yetu yanatoka chini ya ardhi, yao yanaanguka kutoka juu ya mti, na mengine ni yale yale: bei anaipanga mtu aliye mbali ambaye hajapata kukuona. Magogo ya misitu ndiyo yaliyokuwa yakiingiza fedha nyingi, lakini gogo likishakatwa halianguki tena mwakani. Samaki jodari wako wengi, ila meli zinazowavua ni kubwa na za wageni. Mbata ndiyo kazi ya mtu mdogo. Mashua inakuja kutoka kisiwani na magunia, inauza kwetu, inarudi na mchele, sabuni, mafuta ya taa na ada za skuli. Ghala likifungwa, mashua haina sababu ya kuja. Mashua isipokuja, huko kisiwani duka halina mchele, na mwalimu naye atapanda ya mwisho aondoke. Ndiyo maana Mama Dorisi akipata homa, visiwa vizima vilikuwa vinapiga simu kuuliza hali.

Nilipochoka miguu nikarudi nyumbani kupumzika. Mwaka huu akanipigia. Kinu cha ng'ambo kilichokuwa kikinunua mbata yake kimeacha. Yeye hakukaa akalia. Akanunua mashine, akaanza kukamua mafuta mwenyewe pale pale ghalani. Mafuta mazuri, meupe kama maji. Mnunuzi ndiye hana. Asipompata kabla ya msimu, atalikodisha ghala kwa mfanyabiashara wa kandambili. "Maskati," akasema, "huko kwenu watu wana nywele?" Nikamwambia wanazo. "Basi nakuja."

Mtu pekee niliyemjua katika biashara hiyo ni Khalfan, niliyesoma naye kabla sijaziona zile meli. Ana kiwanda cha sabuni na mafuta ya nywele, ana jumba mtaa wa Qurum, na anaishi na mama yake, Bi Salma, mzaliwa wa Unguja, bibi anayeogopwa na madereva wote wa mtaa ule. Khalfan kwenye simu hakunificha: "Nassor, mafuta nnapata India, nikiagiza leo yako njiani kesho. Huko kwenu mwisho wa dunia, n'tafanya nini nako? Lakini mlete mgeni wako, anywe kahawa." Maana yake: nimkatalie kwa adabu, uso kwa uso.

Njiani, Mama Dorisi akiwa na chupa ya mafuta yake mkobani, nilimfundisha kila kitu. Ale kwa mkono wa kulia. Avue viatu mlangoni. Asimwonyeshe mtu nyayo. Asisifu kitu cha nyumba sana, atapewa aondoke nacho. Kitu kimoja tu sikumfundisha, kwa kuwa mimi mwenyewe nakifanya bila kufikiri, kama kupepesa macho: kwamba kahawa yetu haina mwisho. Kikombe ni kidogo, ukimaliza unamiminiwa tena, na tena, mpaka ukitikise. Ukikitikisa, mwenyeji anajua umetosheka. Usipokitikisa, atamimina hadi dele, birika lake la kahawa, likauke, kisha ataagiza jingine.

Na Mama Dorisi kwao amelelewa kwamba mkubwa wa nyumba akikupa kitu, unamaliza. Kubakisha ni matusi.

Mnaona tulipokuwa tunaelekea.

Khalfan alimimina mwenyewe, kwa heshima ya mgeni. Mama Dorisi akanywa. Akamimina. Akanywa. Mimi nilikuwa nimeshatikisa changu zamani, naeleza habari za mafuta na bei, naye Khalfan anatikisa kichwa kwa huruma, "Mbali, Nassor, mbali mno," huku mkono wake ukimimina. Mama Dorisi akanywa. Nikaona macho yake yameanza kutoka. Kumwambia kwa sauti siwezi. Utamwambiaje mgeni mbele ya mwenye nyumba aache kunywa kahawa yake? Nikamfanyia ishara, nikatikisa mkono wangu mtupu pembeni ya goti.

"Maskati," akasema kwa lugha yao, "unatetemeka. Mwambie azime kiyoyozi."

"Anasemaje?" akauliza Khalfan.

"Anasema… kuna baridi kidogo."

"Masikini! Baridi!" Akazima kiyoyozi, akammiminia kahawa ya kumpasha moto.

Bi Salma, aliyekaa na tasbihi yake, akanong'ona, "Huyu mama anajua kunywa. Wageni wa siku hizi kikombe kimoja wanakimbia." Akaagiza dele jingine.

Likaja. Kikamiminwa kikombe. Mama Dorisi akakitazama muda mrefu. Jasho lilikuwa linamtiririka. Akakiinua mpaka karibu na midomo, akashusha pumzi, akakiweka chini kwenye sinia, kimejaa vilevile, akakunja mikono.

Bi Salma akaweka tasbihi chini.

Wengi wenu hamlijui jambo hili, kwani kahawa yenu nyinyi inatoka dirishani kwenye kikombe cha karatasi chenye jina lako limeandikwa vibaya. Kwa wazee wetu, mgeni akikiweka kikombe chini bila kukionja, ana ombi. Hatakunywa mpaka mwenye nyumba amuulize, na mwenye nyumba akishauliza, hana njia ya kukataa. Aibu ya kahawa iliyopoa mbele ya mgeni itafika mtaa wa Ghubra kabla mgeni hajafika kwenye gari yake.

"Khalfan," akasema Bi Salma.

"Nimeona, mama."

"Mgeni kaweka kikombe."

"Mama, huyu katoka Pasifiki, hajui mambo haya…"

"Kikombe anakijua. Kakiweka mwenyewe, mbele yangu, kimejaa. Muulize anataka nini."

Khalfan akanigeukia, anajifuta jasho. "Nassor. Muulize."

Ghala limepona! Nikamwambia Mama Dorisi kwa lugha yao, taratibu, huku nimemtolea macho makubwa kama sahani ili aelewe kwamba saa ndiyo hii: "Mama, mwenye nyumba anauliza unataka nini. Omba chochote. Chochote, mama. Atakupa."

"Choo," akasema.

"Mama, fikiri vizuri."

"Nimefikiri tangu dele la kwanza."

"Mafuta, mama. Ghala. Visiwa."

"Maskati, usiponionyesha choo sasa hivi, zulia hili litapata historia."

"Anasemaje?" akauliza Khalfan.

Wote wakanitazama. Ningeweza kusema jingine. Lakini Mama Dorisi alikuwa ameshainuka, anasimama kwa mguu mmoja baada ya mwingine, na hakuna mkalimani duniani angeweza kulifasiri hilo kuwa mafuta ya nazi.

"Anaomba choo," nikasema.

Sijapata kumuona Khalfan akifurahi vile. "Choo! Amepewa!" akapiga makofi. "Mwambie amepewa kwa roho safi! Vipo vingi, achague anachokitaka!"

Bi Salma akainuka mwenyewe, akamshika mgeni mkono, wakaondoka upesi. Nikabaki na Khalfan. Alikuwa ameshalegea kwenye mto, ananipa tende, ananieleza gharama za meli kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani. Mimi nakitazama kile kikombe. Ghala la watu, mashua za watu, mchele wa watu, vyote vimebadilishwa na choo, tena choo cha wageni.

Wanawake wale walikaa huko muda mrefu. Tukasikia maji, tukasikia vicheko. Sijui walizungumza lugha gani, kwani hawakuwa na hata neno moja la pamoja. Waliporudi walikuwa wameshikana mikono, Mama Dorisi ana uso wa mtu aliyesamehewa, na Bi Salma ushungi umemteleza kidogo, nywele zake za mbele zinang'aa, chumba chote kinanukia nazi. Nikakumbuka ile chupa ya mafuta aliyokuwa nayo Mama Dorisi mkobani.

Bi Salma akakaa. Akakitazama kikombe.

"Bado kimejaa," akasema.

"Mama, si keshapewa alichoomba?"

"Kapewa nini?"

"Choo!"

"Choo humpi mgeni, Khalfan. Choo mgeni anacho tangu anavuka mlango. Juzi fundi wa kiyoyozi kaenda choo humu ndani, mbona hukunambia kwamba umemfanyia ukarimu? Wewe hujampa kitu. Muulize tena, na mara hii muulize vizuri."

Khalfan akanitazama mimi kutafuta msaada. Nikatazama dari. Akauliza tena.

Mama Dorisi sasa alikuwa na nafasi ya kufikiri. Akakaa wima, akasema polepole nifasiri kila neno: hataki huruma, anataka mnunuzi. Achukue shehena moja tu ya mafuta. Akiyapenda, aagize tena. Asipoyapenda, amwambie kosa liko wapi, na asimfiche kwa adabu, kwa sababu adabu ya Maskati ameshaionja na inakaribia kumuua.

Hilo la mwisho sikulifasiri.

Khalfan akamtazama mama yake. Bi Salma alikuwa anajipitishia kidole kwenye nywele, ananusa kidole, anajipitishia tena.

"Shehena moja," akasema Khalfan.

"Ya kwanza," akasema Bi Salma.

"Ya kwanza," akasema Khalfan.

"Basi mgeni anywe."

Ndiyo kanuni: ombi likikubaliwa, kikombe hunywewa. Nikamweleza Mama Dorisi. Alikitazama kile kikombe kama mtu anayetazama ngazi baada ya kuteremka mlima. Akafumba macho, akanywa chote. Khalfan, kwa mazoea, mkono wake ukaenda kwenye dele. Nikaruka kutoka nilipokaa, nikakinyakua kikombe mkononi mwa mgeni, nikakitikisa mbele ya uso wa Khalfan kwa mikono miwili.

Garini, goti la Mama Dorisi lilikuwa linacheza lenyewe kwa ile kahawa. Nikamweleza kila kitu kwa utaratibu: maana ya kutikisa, maana ya kuweka kikombe kimejaa, kwa nini Khalfan alitokwa na jasho, na kwamba sasa ghala lake halitauza kandambili. Akasikiliza mpaka mwisho. Tulikuwa tumeshafika kwenye taa nyekundu, akanigeukia.

"Kwa hiyo, Maskati," akasema, "ningeweza kukiweka chini kile cha kwanza?"

Nikawasha redio.